Sukari Chini ya Theluji

Tulimzika Mwalimu Mutiso Jumamosi moja ya jua kali, kwao Machakos, na mimi nilikaa hema la nyuma kabisa kwa sababu sipendi kulia nikiangaliwa. Mchungaji alihubiri mpaka viti vya plastiki vikatuchoka. Muda wote huo mguu wangu wa kulia ulikuwa unafanya mambo yake. Mume wangu huniuliza kwa nini nikimsikiliza mtu kwa makini nabonyeza sakafu, mara kushoto, mara katikati, na mimi humjibu ni mishipa. Uongo mtupu. Ni pedali. Mwaka ule niliofanya kazi kwa Mwalimu Mutiso tulikuwa na pedali chini ya meza, kama ya cherehani lakini ndogo: ukikanyaga katikati sauti inacheza kwenye hedfoni, ukikanyaga kushoto inarudi nyuma. Ile pedali ilitupwa zamani. Mguu haukuambiwa.

Baada ya maziko tulipewa chakula, na mwanamke wa miaka thelathini hivi akaja na sahani yake akaketi kando yangu bila kuuliza kama kuna mtu. Alikuwa na pengo dogo kati ya meno ya mbele. Nililijua lile pengo kabla hajataja jina. Alisema, wewe ndiye Mwende wa saiba, mimi ni Nafula, dadake Barasa. Mara ya mwisho nilimwona akiwa msichana wa shule aliyejificha nyuma ya pazia huko Lindi, ndani ya Kibera. Kumbe Mwalimu Mutiso ndiye aliyemlipia shule mpaka akamaliza, na hakuwahi kutuambia hata siku moja. Tukala kidogo. Akaniambia mama yao alifariki mwaka jana, na mpaka dakika ya mwisho alikuwa bado amemkasirikia Barasa. Alikuwa akisema, nilimkataza, akatoka tu, kichwa ngumu kama babake. Halafu Nafula akaweka kijiko chini akaniangalia. "Anti," akasema, "siku ile kwa simu, alikuambia nini? Nataka yote."

Nikamwomba nimalize chai kwanza. Hiyo chai niliinywa kwa muda mrefu kuliko chai yoyote ya maisha yangu, na yaliyopita kichwani mwangu nikiinywa ndiyo haya.

Ofisi yetu ilikuwa Gatina, Kawangware, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mbao. Mwalimu Mutiso aliiita kampuni. Sisi tuliiita saiba, kwa sababu mbele kulikuwa na kompyuta nne za watu wa kuja kusoma barua pepe, na kazi yenyewe ilifanyika nyuma ya ukuta wa plaiwudi. Huko nyuma tulikaa wawili, mimi na Barasa, migongo ikielekeana, kila mtu na hedfoni yake na pedali yake. Tulikuwa tunaandika sauti za watu. Mtu anaongea ng'ambo, sauti inatumwa, sisi tunaigeuza maandishi tunairudisha. Tulianza na mahubiri, tukaenda kwa mawakili, na mvua za vuli zilipoanza Mwalimu akapata wateja wa milimani. Hiyo milima sikuwahi kuelewa iko wapi hasa. Ni kwingine huko, kwenye baridi ya kuua, na kuna watu wanaopanda na skii miguuni, au na pikipiki za kwenda juu ya theluji, kwa raha zao tu. Sisi tulipoambiwa hivyo tulicheka mpaka Mwalimu akatufokea. Mtu anapanda mlima wenye hatari, hafuati ng'ombe, hafuati kuni, anafuata nini?

Lakini kazi ilikuwa na maana, na tuliielewa haraka. Jioni ya kwao, wapimaji wao walirekodi walichokiona siku hiyo: theluji imeanguka kiasi gani, upepo umeisukuma upande gani, wapi imepasuka, wapi imeporomoka. Sauti zilitufikia sisi asubuhi. Tuliandika wakiwa wamelala, na wakiamka wanakuta ripoti imebandikwa, hatari ya leo ni namba fulani, moja mpaka tano. Tukichelewa, watu wanaingia mlimani bila kujua. Mwalimu alipenda kutukumbusha hilo, hasa siku za kuchelewa mshahara.

Sheria kubwa ya kazi yetu ilikuwa nakala safi. Mteja hataki kusoma vikohozi. Mtu akisema "eeh, yaani, ngoja", unaondoa. Akinyamaza, unaunganisha. Akirudia, unaandika mara moja. Mimi nilikuwa hodari wa nakala safi kuliko mtu yeyote, nawaambia ukweli, nilikuwa na mkono wa kusafisha maneno mpaka mlevi akasomeka kama askofu. Barasa alikuwa mzito. Alirudisha nyuma, akarudisha tena, nikisikia pedali yake ikilia tik, tik, tik mgongoni mwangu mpaka nikamwambia siku moja nitaing'oa. Alikuwa akisema huwezi kusafisha kitu kabla hujajua ni uchafu.

Kulikuwa na mpimaji mmoja tuliyempa jina Mzee wa Baridi. Wengine walirekodi wakiwa ndani ya gari; yeye alirekodi akitembea. Ulimsikia akipumua, halafu hatua zake, krrp, krrp, kama mtu anayetembea juu ya chumvi ya mawe. Na alikuwa na kawaida ya kusimama. Anasimama, hasemi kitu, na wewe uko Gatina, chini wanapasua mbao, lakini masikioni mwako kuna mlima mzima ambao hauna hata ndege. Kimya kile kilinitia baridi kwelikweli. Nilivaa sweta mchana. Siku moja, katikati ya kimya, ukaja mlio. Si mkubwa. Duff, kutoka chini, kama mtu mnene amejitupa kitandani nyumba ya jirani. Halafu kimya tena, sekunde kumi na moja, na Mzee wa Baridi akasema kwa sauti ya chini sana, "Narudi nilikotoka." Faili hiyo ilikuwa yangu. Mimi nikasafisha. Niliondoa mlio, nikaondoa kimya, nikaandika kwamba mpimaji alirudi alikotoka.

Barasa ndiye aliyeisoma kabla haijatumwa, akaniuliza kwa nini alirudi. Nikasema sijui, labda alichoka. Akavaa hedfoni yangu, akasikiliza mara nne, kisha akaandika kwenye mabano: mlio kutoka chini, kama mlango umefungwa ardhini, kimya, sekunde kumi na moja. Tulibishana vibaya. Nikamwambia atatufukuzisha kazi na mashairi yake. Asubuhi ya pili barua ikaja kutoka kwa mteja, na Mwalimu akaisoma amesimama: huo mlio ndio ripoti yenyewe. Ule ni mlima unaokuambia kwamba tabaka la chini limevunjika ukiwa juu yake. Kuanzia leo msiondoe sauti yoyote ya huyo mzee, na msiondoe kimya chake.

Hapo ndipo Barasa akaanza kusoma. Alisoma kila kitu walichobandika, na saa ya chakula akatufundisha tupende tusipende. Siku hiyo tulikuwa na ugali wa jana na maharagwe. Akakata vipande viwili bapa vya ugali, akamwaga sukari juu ya cha kwanza, tabaka jembamba, akaweka cha pili juu, akaviegemeza kwenye mfuniko wa sufuria. Akasema theluji ya kwanza ya msimu ikikaa na baridi kavu hugeuka punje kama hizi, hazishikani. Halafu inaanguka nyingine juu, na nyingine, nzuri, nyeupe, na mtu akiangalia haoni kitu. Wao hupima hivi. Akagonga kwa ncha za vidole, mkono ukicheza kwenye kifundo tu, mara kumi. Ugali umetulia. Akaanza kumi za pili, mkono ukitoka kwenye kisukusuku. Ya kwanza tu, kipande cha juu kikateleza chote kwa pamoja kikaanguka mezani. Hakikukatika. Kiliondoka kizima. Sisi tukakikodolea macho, hata Mwalimu, ambaye dakika moja baadaye alikumbuka kuuliza ni nani amemwaga sukari yake.

Na kitu kingine Barasa alichosema siku hiyo, akiokota ugali, sikukisahau ingawa nilipaswa kukikumbuka mapema zaidi. Alisema watu hawafi sana siku ya namba tano. Siku ya tano kila mtu anaogopa, anakaa nyumbani. Wanakufa siku ya tatu, namba imeshuka, jua limetoka, na sukari iko palepale chini. Na akasema, si lazima ukanyage juu. Unaweza kuwa bondeni, mahali tambarare, unatembea zako, ukauangusha mlima uliokuwa juu yako bila kuugusa.

Uchaguzi ukafanyika mwisho wa Desemba. Yaliyofuata mnayajua, na asiyejua amwulize mtu aliyekuwepo. Mimi nitasema tu nilichosikia, kwa sababu kazi yangu ilikuwa masikio. Wiki ya kwanza ilikuwa ya kelele. Kibera kulikuwa na moshi ambao tuliuona kutoka kwa paa letu Gatina, na kwetu vijana walisimama kwenye njia wakiuliza watu majina. Jina la pili, la babako. Mimi Mkamba, wiki ya kwanza nilipita, wiki ya pili mtu wetu akapewa cheo na hata mimi nikaanza kuangaliwa vibaya na watu niliokuwa nawasalimia. Nilihamia saiba na godoro langu. Mwalimu naye alikuwa akilala pale. Barasa alikuwa amefungiwa Lindi na mama yake na Nafula, na hatukumwona kwa zaidi ya wiki mbili. Mafaili yaliendelea kuja. Milima haikujua habari zetu. Niliandika peke yangu tangu asubuhi mpaka vidole vikawa vya mbao, na nyuma yangu kiti cha Barasa kilikuwa kitupu, na mara nyingine, naapa, nilisikia pedali yake ikilia tik. Niligeuka. Ilikuwa mbao ya sakafu, nikajiambia.

Halafu kukatulia. Asubuhi moja ya Januari niliamka nikasikia muuza mandazi amerudi kwa kona yake, mafuta yakichemka. Watu walikuwa wameanika nguo. Jua lilikuwa zuri. Kwa kanisa la mbele mtu alikuwa anajaribu kinanda, noti moja moja. Na kwenye kompyuta kulikuwa na mafaili ya siku tatu ambayo sikuwa nimeyafikia, na barua ya mteja ikisema theluji nyingi imeanguka, watu wengi watapanda wikendi hii, tafadhali. Mwalimu akasema tumwite Barasa. Kadi za simu hazikupatikana siku zile, maduka yalikuwa yamefungwa au yameishiwa, na simu ya Mwalimu ilikuwa na hela ya dakika moja na kitu. Akanipa mimi nipige, kwa sababu Barasa alikuwa akinisikiliza.

Nikapiga. Nikamwambia, kuja, kumetulia. Akaniuliza jambo moja. Nikamjibu. Akanyamaza. Mimi nilikuwa nimezoea kusikiliza kilicho nyuma ya sauti, na nyuma yake, Lindi nzima, hakukuwa na kitu. Hakuna redio. Hakuna mtoto, hakuna nyundo, hakuna mtu anayemwita mtu. Saa mbili na nusu asubuhi, Lindi. Nilikisikia kile kimya na nikakijua, kwa sababu nilikuwa nimekiandika kwenye mabano mwezi mzima. Halafu akasema anakuja, na hela ikaisha.

Kutoka Lindi mpaka Gatina kwa miguu, mtu wa haraka hachukui saa mbili. Nilimngojea na birika. Saa nne nikasema amepitia kwa mtu. Saa sita nikateremka mpaka kwa muuza mandazi, nikamkuta anafunga, na sikuhitaji kumwuliza kwa nini; vijana walikuwa wamerudi kwa njia, wengi kuliko mwanzo, na mmoja alikuwa na daftari la shule na kalamu. Nilirudi juu. Niliandika mafaili yote ya siku tatu. Ripoti yao ilitoka kwa wakati. Hiyo ndiyo sehemu inayonichukiza mpaka leo: watu waliokwenda kucheza walipata onyo lao.

Hatukumpata. Mwalimu na mimi tulizunguka mochari na vituo siku nyingi, tukafungua mashuka ambayo sitayaeleza hapa. Mtu wa mwisho tuliyejua alimwona alikuwa mama mmoja wa Makina, hukohuko Kibera, anayeuza mahamri karibu na msikiti. Barasa alikuwa na desturi hiyo, kila asubuhi akipita Makina ananunua mahamri sita, mawili yake, mawili yangu, mawili ya Mwalimu, yanafungwa kwa gazeti. Yule mama alisema siku hiyo pia alinunua sita. Alishangaa, akamwambia, mwanangu, leo unaenda wapi? Akasema kazini, nimeitwa. Akavuka kuelekea barabara ya Ngong, na hapo ndipo alipoishia.

Siku tulipokwenda Lindi kumwona mama yake, alikuwa ameketi kitandani, Nafula nyuma ya pazia. Mama hakulia. Aliniuliza, mwanangu alisema nini? Na mimi, Mungu anisamehe, nikampa nakala safi. Nikamwambia, alisema anakuja kazini. Basi. Maneno yale yalikuwa ya kweli, kila moja. Niliondoa tu nilichosema mimi, na alichouliza yeye, na kimya. Mama akatikisa kichwa akasema nilimkataza, akatoka tu. Nilimwona akilishika neno hilo kama mtu anayeshika mlango wa nyumba inayotikisika, nami nikamwachia, kwa sababu lilikuwa linanifunika na mimi pia.

Niliendelea na kazi mpaka Aprili. Nilichukua na mafaili ya Barasa, na Mzee wa Baridi akawa wangu peke yangu. Kuna siku alisema mtu mmoja wa pikipiki za theluji hajapatikana, wametafuta kwa fimbo ndefu na mbwa, na sasa watasubiri iyeyuke, mlima utamrudisha wenyewe. Niliandika hivyo, nikaacha kimya chake chote. Viongozi walipatana, reli iliyong'olewa Kibera ikarudishwa, mvua za masika zikanyesha mpaka mto ukabeba vitu vya watu. Kila mvua ilipokatika nilikuwa nangoja simu. Sisi hatukurudishiwa mtu. Msimu wao ulipoisha mteja akatuaga, na mimi nikamuaga Mwalimu, na tangu hapo sijawahi kumwambia mtu yeyote "kumetulia". Hata mtoto wangu akilala namwambia baba yake, "amelala", basi.

Chai ikaisha. Nafula alikuwa bado anangoja, mikono juu ya magoti, kama mtu aliye kwa foleni. Hemani watu walikuwa wanaanza kuondoka. Nilitaka kusema nimesahau, ni miaka mingi. Ningeweza, mkono wa kusafisha ninao bado. Lakini nilimfikiria mama yao akienda kaburini na hasira ya kumkasirikia mtoto asiye na kosa, na hilo nililifanya mimi, si vijana wa daftari.

"Nilimwambia, kuja, kumetulia," nikasema. "Akaniuliza, na ile sukari ya chini? Ni kitu alikuwa ametufundisha. Alikuwa ananiuliza kama nimeangalia vizuri. Nikamwambia, Barasa, hii si theluji, kuja. Halafu akanyamaza."

"Akanyamaza kiasi gani?"

Hilo sikuwa nimelitarajia. Basi nikainua mkono kidogo ili angoje, nikanyamaza kiasi kilekile. Nilikijua urefu wake. Nimekirudisha nyuma kila siku tangu hapo. Mahali fulani nyuma ya nyumba mtu alikuwa anaosha masufuria akaacha. Kilipofika mwisho wake nikasema, "Haya. Nakuja."

Alikaa akiangalia udongo mwekundu uliokuwa kwenye viatu vyake.

"Kwa hivyo hakutoka tu," akasema.

"Hakutoka tu. Aliogopa, na alijua. Nilimwita mimi."

Nilingoja anitukane. Ningeshukuru. Alivuta kiti chake mpaka magoti yetu yakagusana, akafumba macho.

"Rudia," akasema.

Nikarudia, tangu mwanzo.